Tume ya Figo Yakabidhi Ripoti

Kwa heshima na taadhima, napenda kuutangazia umma kwamba chanzo cha ugonjwa sugu wa figo miongoni mwa wachoma matofali kimepatikana. Mimi nilikuwa Katibu wa Tume iliyokichunguza, na nathibitisha kwamba tulikipata bila kukusudia.

Tume iliundwa wachoma matofali walipoanza kuanguka mmoja mmoja pale tanurini. Waziri alikasirika sana. Alisema haiwezekani wananchi wakawa wanaharibikiwa figo kiholela, bila mwongozo.

Tukaenda tanurini. Jua lilikuwa kali na moto mkali zaidi, kwa hiyo Mwenyekiti aliendesha uchunguzi akiwa ndani ya gari. Akaletewa dirishani mchoma matofali mmoja wa miraba minne, jina la utani Kifua, miguu imemvimba, mkewe kamshika mkono.

"Kijana, unakunywa maji?" Mwenyekiti akauliza kupitia upenyo wa kioo.

"Nikinywa nitataka kukojoa, mzee. Na nikienda kukojoa, msimamizi ananikata siku nzima."

"Mgongo ukiuma je?"

"Nameza vidonge vya maumivu, naendelea."

"Kila siku?"

"Si unauma kila siku, mzee."

Mkewe akadakia. "Shemeji zangu wawili tumeshawazika kwa figo hizihizi. Sasa mnatafuta nini tena, baba zangu, na mmeshaambiwa?"

Mwenyekiti akapandisha kioo. Akaniagiza niandike kwamba chanzo bado hakijulikani.

Kwenye kikao cha tathmini tulilichambua suala kwa mapana na marefu. Mjumbe mmoja alizilaumu figo zenyewe kwa kukosa uzalendo, akapigiwa makofi. Lakini Mwenyekiti aliona mbali zaidi. Ili tuzitambue figo mbovu, alisema, lazima kwanza tuwe na figo za mfano, na figo za mfano zitatoka wapi kama si ndani ya Tume? Tukakunja mikono ya mashati kwa fahari. Tukaenda zahanati, muuguzi akatutoa damu sisi, akawatoa na wachoma matofali.

Alirudi na majibu akiwa anauma midomo.

"Waheshimiwa, figo za wachoma matofali zina hali mbaya. Na zenu ni hivyohivyo. Za Mwenyekiti zimezipita hata za Kifua kwa ubovu."

"Umechanganya chupa, binti."

"Sijachanganya. Mzee, maji unakunywa?"

Mwenyekiti akanigeukia. Ikabidi mimi nimweleze dada yule taratibu za utumishi: Waziri akihutubia, hanyanyuki mtu. Kwa hiyo maafisa waandamizi hatunywi maji. Na kwa kuwa viti vinavunja mgongo, tunameza vidonge.

"Kila siku?"

"Si anahutubia kila siku," nikamjibu.

Muuguzi akamwambia Mwenyekiti aache vidonge, anywe maji, asibane mkojo, na arudi kupimwa. Akamwonyesha benchi la kungojea daktari. Kifua alikuwa amekaa hapo tayari. Mwenyekiti akaketi pembeni yake, suti na yote.

"Unaogopa?" akamuuliza.

"Naogopa, mzee. Watoto bado wadogo."

"Mimi wajukuu."

Kifua akamsogezea chupa yake ya maji. Mwenyekiti akanywa palepale mdomoni mwa chupa, jambo ambalo itifaki hairuhusu, na alasiri ileile akaamuru tanurini kuwe na pipa la maji, kivuli na mapumziko. Msimamizi alipouliza agizo limetoka ngazi gani, akaambiwa limetoka kwenye figo.

Siku ya kukabidhi ripoti, Waziri alipanda jukwaani kutufafanulia umuhimu wa kuwa na ripoti. Ukumbi ulijaa pomoni, hakuna aliyejikuna. Mwenyekiti, mstari wa mbele, akanywa bilauri ya maji. Akanywa ya pili. Alipofika katikati ya ya tatu, akaiweka chini na kusimama.

Waziri akakatisha hotuba. "Mwenyekiti! Unakwenda wapi?"

"Kutekeleza mapendekezo, Mheshimiwa."

Akatoka. Mjumbe mmoja akainuka, akamfuata. Kisha wakurugenzi, kisha walinzi, kisha ukumbi mzima, mwisho mpiga picha. Nikabaki mimi na viti vitupu, na Waziri jukwaani.

Akautazama mlango. Akakutanisha magoti. Akaziba kipaza sauti kwa kiganja.

"Katibu," akaninong'oneza, "hivi humu choo kiko upande gani?"

Nikamwelekeza. Akakuta foleni imeshafika kwenye ngazi, akaambiwa ashike nafasi nyuma ya mpiga picha.