Yah: Mahujaji Kuzidi Kiasi

Ndugu Katibu wa Kamati ya Hija ya Miguu,

U hali gani baada ya safari? Malengelenge yamekauka? Mimi, kwa neema, nimerudi na miguu yote miwili. Ni yule mama fundi cherehani, nambari 412.

Ndugu yangu, nakwambia kama ninavyomwambia Mungu. Nilitembea siku sita kuomba nipewe moyo wa kumsamehe wifi yangu. Miaka mitatu hatusalimiani, tangu aliposema mbele ya waombolezaji kwamba kaka yake, marehemu mume wangu, aliuawa na mapishi yangu. Sitaki kufa na kinyongo hiki. Lakini hija yenu imenikwaza:

1. Watu ni utitiri. Mbele migongo, nyuma vikohozi. Mungu akitazama chini, atanijuaje?

2. Wengine hawana hata shida ya maana. Kinyozi mmoja alinieleza, bila haya, kwamba anatembea ili apunguze kitambi. Kitambi! Na kwenye foleni ya maji alikuwa mbele yangu.

3. Yule bwana wa kipaza sauti. Kutubu gani huko hadi ng'ombe wa watu wanakimbia? Hatubu yule, anajitangaza.

4. Siku ya nne mlitulaza wanawake tisini katika darasa moja, kama njiti kwenye kiberiti. Mkeka wangu ukabanwa ubavuni mwa nani? Wifi! Nikamsikia kwa masikio yangu akiomba apewe moyo wa kunisamehe mimi. Mimi nimemkosea nini? Huo ni wizi wa ombi, ndugu Katibu, tena usiku wa manane; ningeweza ningemshtaki.

Kwa hiyo naomba mwakani kila ombi lipimwe uzito langoni. Mepesi yakasaliwe nyumbani. Kila ukoo utoe mtu mmoja tu. Na ikiwezekana, njia ifungwe siku sita nipite peke yangu. Nadhani hata watakatifu wangeshukuru kupumzika.

Wasalimie mama watoto, wapishi, na wanakamati wote wanaosafiri kwa gari.

Wako katika imani,
Mama Fundi

N.B. Siku ya tano nilianguka. Wifi alinibeba mgongoni, akinigombeza njia nzima. Sasa yuko hapa, anasoma begani kwangu, anasema nimesahau kulalamikia vyoo. Mwakani tuandikie nambari zinazofuatana. Na darasa liwe lile lile. Lingekuwa kubwa, kila mmoja angelala kwenye kona yake. Tujibu mapema.