Mguu wa Kwanza Nyumbani kwa Bibi Thoa

Jumapili, 28 Januari 2024. Da Nang, Vietnam.

Manyunyu tangu asubuhi. Habari kubwa! Bibi Thoa, mama mwenye nyumba wetu, alikuwa akipanga ndoo za plastiki mbele ya duka lake, ng'ambo ya kichochoro. Akalalamika kwamba Tet, mwaka mpya wao, imekaribia na bado hajampata mtu wa kumfungulia mwaka. Nikauliza ndiyo nini hiyo. Akanieleza polepole, kama anavyomweleza Effie wangu mwenye miaka saba: mtu wa kwanza kukanyaga ndani asubuhi ya mwaka mpya ndiye anayeleta bahati ya mwaka mzima, au mkosi wa mwaka mzima. Kwa hiyo mlango hauachwi wazi hivi hivi. Mtu huchaguliwa.

Nilitaka kulia. Kwetu Arbroath tuna desturi hiyo hiyo! Tofauti ni kwamba kule Uskoti mwenye nywele nyekundu ni mkosi, na mimi kichwa changu ni karoti tupu. Tangu utotoni, kila mwaka mpya, nilisimama nje kwenye barafu hadi mjomba Hamish, mwenye nywele nyeusi, aingie kwanza. Aliyenifungia mlango ni mama yangu mzazi. Na hapa? Bahasha nyekundu, taa nyekundu, hata mbegu za tikiti wanazotafuna ni nyekundu! Mimi ni bahati inayotembea na hakuna aliyenijulisha.

Azimio: mguu wa kwanza nyumbani kwa Bibi Thoa utakuwa wangu. Walau mara moja kabla sijafa.

Jumanne, 30 Januari.

Kikwazo kidogo. Nilichana nywele, nikaenda kusimama chini ya balbu ya duka ili zing'ae. Nikamdokeza Bibi Thoa kwamba pengine mtu anayemtafuta yuko karibu kuliko anavyodhani. Akasema rangi ni nzuri sana, lakini kinachohesabiwa ni mwaka wa kuzaliwa. Kila mwaka una mnyama wake, na huu unaoingia ni wa Joka. Wanaofaa ni Jogoo, Panya na Tumbili. Asiyefaa hata kuchungulia dirishani ni Mbwa. Akaniuliza nimezaliwa lini.

Nimezaliwa 1982. Mbwa.

Nikasema 1980, Tumbili, bila kupepesa macho. Bibi Thoa akanitazama juu hadi chini. "Hongera, mwanangu. Uzee umekukubali."

Ningeshinda palepale kama asingekuwapo Joost, Mbelgiji wa nyumba ya kona. Kipara. Alikuwa ameegemea baiskeli yake kana kwamba kichochoro ni cha babu yake. Akatangaza kwamba yeye ni Jogoo. Hakuna aliyemuuliza! Bibi Thoa akapiga makofi, akasema Jogoo na Joka ni mume na mke. Joost akavimba. Mwaka juzi fundi cherehani alimchagua amfungulie mwaka, na tangu siku hiyo tunasikia tu cherehani zile zilivyoongezeka.

Alhamisi, 1 Februari.

Nimepata dawa ya Jogoo. Mke wa fundi cherehani ameniambia kwamba bata mwanzoni mwa mwaka ni mkosi, watu hawataki hata kumtaja. Safi sana. Nikamwalika Joost bia. Nikamweleza kama rafiki kwamba zawadi inayompendeza Bibi Thoa kuliko zote ni bata. Hai. Mnono. Joost akanishika bega, akasema amenifikiria vibaya siku zote. Roho ilinisuta hadi glasi ilipoisha.

Jumamosi, 3 Februari.

Maafa!

Joost alimpeleka bata jana. Bibi Thoa alifurahi hadi akamkumbatia. Kumbe bata ni mkosi mwaka ukianza, lakini mwaka ukiisha huliwa makusudi ili mikosi yote iishe naye! Mke wa fundi hakunifikisha sehemu hiyo, au mimi nilikuwa nimeshaondoka mbio. Leo bata kapikwa kwa tangawizi na kichochoro chote kimealikwa. Joost akakalishwa karibu na Bibi Thoa, akapewa paja. Mimi nilipata shingo.

Hilo lilikuwa dogo. Watu walipoanza kutajiana miaka yao, Bibi Thoa akasema kwa sauti ya sukari kwamba hata Baba Effie ni Tumbili, nani angedhani. Effie akaacha kijiko. Akasema hapana, mwalimu wao amewafundisha wanyama wa miaka yote shuleni: mama ni Panya, yeye mwenyewe ndiye Tumbili, na baba ni Mbwa.

"Mbwa kabisa, Effie?" akauliza Bibi Thoa.

"Mbwa kabisa, Bibi. Mimi mwenyewe nilihesabu."

Kuitwa mbwa na mtoto wako mbele ya watu, na watu wakashangilia! Fundi cherehani alibweka. Joost alicheka hadi mchuzi ukamtoka puani. Catriona, mke wangu wa ndoa, ndiye aliyempa leso.

Jumatano, 7 Februari.

Siku nzima tumefunga keki za wali wa kunata kwa majani ya mgomba. Zangu zinafanana na miguu iliyovunjika. Bibi Thoa alizitenga ili wageni wasizione.

Jioni alitangaza uamuzi. Si Joost! Joost amepelekwa tena kwa fundi. Na si mimi. Ni Effie. Sababu: ni Tumbili, nywele zake ni nyekundu, na anacheka kwa sauti inayofika sokoni, na nyumba ya mjane kama yeye inataka kelele. Effie akaruka. Catriona akatokwa na machozi. Mimi nikapongezwa kama mzazi. Nilitabasamu hadi mashavu yakauma.

Baadaye nikatulia na kupanga. Mtoto wa miaka saba havuki kichochoro peke yake siku ya mvua. Lazima ashikwe mkono. Miguu yangu ni mirefu, yake mifupi. Mguu ukitangulia kidogo kizingitini, nani atamlaumu mtu kwa urefu aliopewa na Mungu?

Tena kwetu mfungua mwaka haingii mikono mitupu. Nimeshanunua kipande cha mkaa kwa muuza nyama choma, nikakificha katika koti langu jeupe. Mkaa maana yake nyumba haitakosa moto. Joost hatajua kapigwa na nini.

Jumamosi, 10 Februari. Tet!

Naandika nikiwa nimeshiba, nina harufu ya moshi, na koti jeupe halipo tena duniani.

Tulitoka sote. Effie na vazi lake refu la manjano, mkono wake katika mkono wangu, mimi nikinyoosha mguu wa kulia kama askari wa gwaride. Tulikuwa katikati ya kichochoro Bibi Thoa alipopiga kelele kutoka mlangoni.

"Baba Effie! Simama hapo hapo! Usisogeze hata kidole!"

Nikaganda. "Nashika mtoto tu, Bibi!"

"Mtoto ana miguu yake. Na wewe nakujua. Mwachie!"

Nikamwachia. Kichochoro kizima kilikuwa milangoni. Joost alinipungia kutoka kwa fundi. Nikasimama kwenye manyunyu nikitazama mlango wa watu, kama Arbroath, kama miaka yote. Effie akapiga hatua zake fupi, akaruka kizingiti kwa miguu miwili, akapaza sauti ya heri ya mwaka mpya kwa lugha yao hadi mbwa wa kweli wakaitikia. Makofi! Bibi Thoa akambeba, mgongo wake na umri wake vyote akavisahau.

Kisha akageuka. "Na wewe unasubiri nini? Njoo. Wa pili."

Nikasema mimi ni Mbwa.

"Mbwa akitangulia anaharibu. Akifuata analinda mlango. Ingia, unalowa bure."

Sijawahi kuwa wa pili popote. Kwetu nilikuwa naingia baada ya paka. Nikachanganyikiwa, nikatoa mkaa mfukoni na kumkabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Mkaa ulikuwa umeloa. Viganja vyangu vyeusi, koti jeusi, na sasa mikono ya vazi la hariri la Bibi Thoa nayo myeusi. Catriona akafumba macho.

Bibi Thoa akatazama mikono yake. Akauliza ni nini hiki. Nikajikongoja kueleza habari za moto. Akafikiri. Akasema leo hakuna anayempa jirani moto hata wa kuwashia sigara, maana kutoa moto siku ya kwanza ni kutoa bahati yako. Lakini kuletewa? Huyo Mbwa kamletea moto mlangoni! Akacheka hadi akakaa chini. Mkaa ukakaushwa, ukawashwa, tukachomea ngisi wakavu. Joost alikuja kuuliza nimeununua wapi. Sikumwambia.

Effie amelala na kiatu kimoja mguuni. Siku nzuri kuliko zote tangu tuhamie hapa.

Jumanne, 13 Februari.

Nimegundua jambo! Kesho Bibi Thoa anafungua duka, na mteja wa kwanza ndiye anayeamua biashara ya mwaka mzima. Wa kwanza! Sijasikia popote kwamba Mbwa amekatazwa.

Catriona anasema mteja huyo hununua haraka, hulipa bei aliyotajiwa, hutabasamu na kwenda zake. Akibishana bei au akitoka bila kununua, duka limekwisha. Catriona ni mhandisi wa madaraja. Biashara haijui.

Mpango: kuwa mlangoni kabla ya Joost. Kuchagua ndoo kubwa kuliko zote. Kubishana bei kwa sauti, ili kichochoro chote kione duka lilivyochangamka. Kisha nitupe mikono juu na kuondoka bila kitu, niende hadi kwenye kona.

Nitakaporudi kuinunua, furaha yake itakuwa mara mbili.