Naomba Ufunge Blogu Yako kwa Miezi Mitatu

Tunduma,
Agosti 2010.

Ndugu Abdulrahim, mwenye blogu ya Foleni ya Mpakani,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ndiye Hezron, yule anayeandika maoni chini ya kila makala yako, marefu kuliko makala yenyewe. Kwa masikitiko makubwa nakuomba uifunge blogu yako kwa miezi mitatu tu. Sababu zangu ni hizi:

1. Unaniwahi. Mimi nami nina blogu. Niliifungua mwaka juzi, nikaweka picha yangu nimeshika kalamu, na maneno "Karibuni, makala zinakuja." Tangu hapo, kila nikiingia duka la intaneti la Sabra na wazo langu kichwani, napita kwako kwanza kusalimia tu. Nakuta umekosea jambo. Siwezi kukuacha hivyo hivyo! Nikimaliza kukusahihisha, muda niliolipia umekwisha.

2. Unanishukuru. Ukishaandika "Asante mdau Hezron, umetufumbua macho," mimi navimba kichwa wiki nzima. Mtu aliyeshukuriwa hivyo ahangaike kuandika ya nini?

3. Umeniaibisha mbele ya baba. Mzee Boazi analima kahawa Nanyala, na kanisa zima kaliambia kwamba mwanawe ni mwandishi wa kwenye kompyuta. Kwenye kipaimara cha mdogo wangu Rozi, mshereheshaji akaniita mbele nisome kazi yangu mojawapo. Nilikuwa nimechapisha nilichonacho. Nikakohoa, nikasoma: "Nakubaliana nawe kabisa, ila aya ya pili umechemka." Bibi mmoja wa meza ya mbele akauliza kwa upole, "Mwanangu, unakubaliana na nani?" Nikageuka kukutafuta, ndugu yangu. Hukuwepo. Baba alipiga makofi peke yake, na hakuacha haraka. Niliumia sana, na mpaka leo naumia.

4. Unaandika vizuri. Hili sitaki tulijadili.

Miezi mitatu inanitosha kutoa makala moja ya kichwani mwangu mwenyewe, niisome mbele ya watu wale wale, baba akiwepo. Wewe katika muda huo unaweza kupumzika Vwawa, au ukalime. Ukilima, sitakuwa na maoni.

Nisalimie nyumbani kwako, wadau wote, na hata yule Asiyejulikana anayenitukana kila Jumatatu. Mwambie hoja zake nazisoma.

Wako katika kalamu,
Hezron Boazi,
Mwandishi (mtarajiwa).

Nyongeza: Sabra aliyenichapia barua hii anasema sikukwama hata mahali pamoja, na kwamba hii ndiyo makala yangu ya kwanza, niiweke kwenye blogu yangu leo leo. Nilifurahi mno, nikampigia baba hapo hapo. Kisha nikaisoma upya. Ndugu Abdulrahim, kila aya inakuhusu wewe! Nikiiweka kwangu, hakuna atakayejua namgombeza nani. Kwa hiyo nimeibandika kwako, chini ya makala yako ya jana. Lile ombi la kufunga naliondoa. Baba anapanda gari Jumamosi kuja kuisoma, na ukifunga, ataikuta wapi?