Kuhusu Breki Zangu za Mwaka 1957 na Wanaozionea Wivu

Kwa Bi. Corliss Haverty,
Mhariri, Jarida la Chama cha Trela za Kale, Kolorado.

Mheshimiwa Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mumeo, na ile pai yako ya tufaha ambayo watu bado wanaisifu. Mwili wangu ni mzima. Roho ndiyo imechafuka, na kilichoichafua ni jarida lako.

Toleo la mwezi wa tatu ulimpa Bwana Ansel Kopecky, huyo mnayemwita mshauri wa ufundi, kurasa tatu nzima atufundishe kuchagua breki mpya za trela zetu za kulala. Ama za diski, anasema, na pampu yake. Ama za ngoma kama zetu, lakini za kisasa, zinazojikaza zenyewe. Zinazojikaza zenyewe! Hivi mwanamume mzima atafanya nini Jumamosi asubuhi kama breki zinajikaza zenyewe? Malalamiko yangu ni haya.

1. Trela yangu ilitoka kiwandani mwaka 1957 na breki zake za umeme, na mkono pekee unaozigusa ni huu wangu. Kila mwaka theluji ikiisha naiinua kwa jeki, nazungusha gurudumu, nakaza mpaka nisikie linakwaruza, basi. Kopecky anaandika kwamba sumaku za breki za zamani huchoka. Na yeye je? Ana miaka sabini na minne, mbona hatumbadilishi?

2. Makala yake ilimtaja "mwanachama mmoja aliyesukumwa na trela yake mwenyewe mteremko mzima wa Wolf Creek". Jina hakuandika, lakini nani hakujua? Sikusukumwa. Tulikuwa tunaharakishana. Na kile kilima cha mchanga, kilichowekwa kwa ajili ya malori yanayoshindwa kusimama, nilikipanda kwa hiari yangu, kupumzika.

3. Hili ndilo linaloniuma. Baada ya mapumziko hayo mke wangu Verna aligoma kupanda pikapu yangu. "Delmar," akaniambia, "mimi na hilo jeneza lako la bati, basi tena. Tangulia, tutakutana huko huko." Majira mawili ya joto, Mhariri, mke niliyeoana naye miaka arobaini na sita iliyopita amenifuata nyuma na kigari chake kidogo, taa za tahadhari zinawaka, utadhani tunasindikiza maiti. Mimi huku mbele naongea na kiti kitupu. Na nyie, badala ya kumtuliza mwanamke wa watu, mnamchapia kurasa tatu na michoro!

4. Lakini ukweli haufichiki. Mwezi wa sita, tukielekea kwenye mkutano wa chama, Verna alifungua mlango wa pikapu kwa mkono wake mwenyewe, akapanda, akafunga mkanda, akatoa sindano zake akaanza kufuma. Sikumwuliza kitu. Ukishashinda, unauliza nini tena? Tunateremka Wolf Creek, kundi la kulungu wakubwa likakata barabara. Nikakanyaga. Trela ikasimama palepale, imenyooka, kahawa haikumwagika hata tone. Breki za 1957 hizo! Na Verna? Hakuinua hata macho kwenye sweta lake. Mke anayemwamini mumewe ndivyo alivyo.

5. Kesho yake majaji wenu wa shindano la trela asilia wakalala chini ya trela yangu na tochi na kioo. Mnawajua: skrubu moja ya kisasa, umekatwa pointi. Wakamulika ngoma za breki, wakazikwaruza kwa kucha, na mmoja akatangaza watu wote wakasikia: "Asilia kabisa! Hizi hazijaguswa." Nikapewa utepe wa buluu, wa mshindi. Kopecky alikuwa pembeni na sahani ya viazi na jibini, akapaliwa mpaka ikabidi apigwe mgongoni. Wivu mbaya jamani.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, makala ile ifutwe na Kopecky atuombe radhi. Trela yoyote inayosimama upesi ikatwe pointi tano, kwa kuwa mwaka 1957 hakuna aliyekuwa na haraka ya kusimama. Wenye diski waegeshe nyuma ya vyoo. Na jarida lisipelekwe tena kwa wake za wanachama bila cheti cha daktari.

Nisalimie kamati nzima, yule mpiga banjo na mbwa wake, na wote walionipigia makofi. Ambao hawakupiga, wasalimie pia, lakini kwa kifupi.

Ni mimi, nisiyebadilishwa kitu,

Delmar Pruitt

Nyongeza: Verna ameisoma barua hii wakati natafuta stempu. Amecheka mpaka miwani ikamtoka. Kumbe mwezi wa nne, ile wiki niliyokwenda kuvua samaki na kaka yangu, alimwita Kopecky. Wakachagua pamoja zile zinazojikaza zenyewe, wakang'oa breki zote za ndani, wakafunga mpya, kisha wakarudishia ngoma za zamani juu yake na kuzipaka grisi chafu ili nisishtuke. Nikamwambia, "Kwa hiyo kilichokurudisha kwenye pikapu si kuniamini." Akasema, "Kukuamini wewe? Thubutu! Nilichoka, Delmar. Miaka miwili niko nyuma yako, kila mteremko najiambia leo ndiyo leo, leo namwona anakufa." Halafu hakucheka tena.

Barua hii msiichape. Utepe umo ndani ya bahasha, uchukueni. Na tafadhali mwambieni Ansel apite Jumamosi. Verna ameniuliza breki za pikapu ni za mwaka gani.