Kituo cha Wazee Chenye Friji ya Bia

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kutoka manispaa, kichwa kinanigonga. Ada ya kibali cha kujenga banda langu la karaoke ni sawa na bei ya nguruwe wawili wanene. Kwa banda la mianzi na mabati! Nyuma yangu kwenye foleni alisimama Nemesio Palma, mwenye karaoke pekee mtaani kwetu. Akaniuliza kwa upole kama naumwa. Yeye alilipa ada yake miaka sita iliyopita na bado anaisimulia kama mtu aliyetoka vitani.

Lakini ukutani palikuwa na tangazo. Alhamisi baraza la mji litajadili kusamehe ada kwa majengo ya jamii yasiyo ya biashara. Nikalisoma mara mbili. Kisha nikanunua bibingka, keki ya mchele, ya moto, nikaila njiani peke yangu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeunda chama. Jina: Kituo cha Wazee cha Mtaa wa Mfereji. Mwenyekiti mimi. Katibu mke wangu Perlita, ambaye amekataa katakata, lakini jina lake nimeliandika.

Alihitajika mzee mmoja halisi. Nikamwendea Lola Pasing, bibi wa miaka themanini na moja. Kila mwezi yeye na wenzake husubiri dawa za presha kwenye kibaraza cha kanisa, mvua ikiwapiga. Nikamwambia nawajengea ukumbi. Akanishika mkono, akaniombea baraka. Nafsi ilinisuta kwa dakika tano hivi.

Alhamisi, 6 Machi

Kikao. Nemesio akasimama kupinga, na lazima nikiri aliongea vizuri. Alisema mkaguzi wa majengo halishi watoto wake kwa sala. Ada akisamehewa huyu, atabebeshwa muuza samaki. Tena nani atahakikisha kuwa kituo ni kituo kweli? Hapo akanitazama.

Diwani Teodora Villaruz, mwenye hoja, akajibu kwamba mji unaotoza watu kwa kusaidiana hauna haya.

Nikaomba nafasi. Nikazungumzia marehemu mama yangu, alivyonyeshewa akisubiri dawa. Nikalia. (Mama yuko Cebu kwa dada yangu, mzima wa afya kunishinda.) Lola Pasing akalia pia. Hata Nemesio alitoa leso. Hoja ikapita, saba kwa wawili. Nikatia saini karatasi nne bila kupoteza muda kuzisoma.

Jumamosi, 22 Machi

Banda limesimama. Mashine ya karaoke imefika, friji imejaa. Saa nne asubuhi akaja mkaguzi, Bi. Amihan. Akapima ngazi, akazisifu. Akaifungua friji, hakuisifu. Akanionyesha ukurasa wa tatu: wazi kwa wote kila siku, bila kiingilio, bila pombe, bila kuuza chochote, kwa miaka kumi. Nikikiuka, ada mara tatu.

Nikamwambia sikuyaelewa masharti.

"Mbona pa kutia saini ulipaelewa, kaka?" akasema.

Jumatano, 26 Machi

Wazee thelathini na wanne. Muuguzi amehamishia dawa hapa. Mashine yangu haijapumzika tangu saa moja asubuhi. Lola Pasing anaimba nyimbo za mapenzi, mashine inampa alama tisini na nane. Mimi ilinipa sitini na moja.

Nemesio ameleta viti ishirini, zawadi. Nikamuuliza ukarimu huu umetoka wapi.

"Ulitaka kuwa mshindani wangu, Santing. Sasa wewe ni mfadhili. Mfadhili hanichukulii wateja."

Mvua ilianza adhuhuri, ikamwagika kweli. Hakuna mzee aliyelowa. Lola Pasing akaniletea uji wa mchele wenye tangawizi, akakaa akinitazama ninavyokula. Sikujua niangalie wapi.

Ijumaa, 4 Aprili

Leo wazee wamenichagua mwenyekiti, safari hii kwa kura za kweli. Perlita alipiga makofi kuliko wote. Njiani akaniuliza kama sasa nimepata funzo. Nikamwambia ndiyo, na nilipokuwa nikisema niliamini.

Jioni akapita Diwani Villaruz. Mwezi ujao, alisema, baraza litajadili kusamehe ada kwa hifadhi za wanyama wasio na makao. Nikamuuliza sheria inataja wanyama gani. Akasema haitaji, ila yeye anawafikiria mbwa na paka.

Huyo ni yeye. Na jogoo je? Jogoo wa kupigana ana maisha ya mashaka kuliko paka yeyote. Anastahili hifadhi. Ya duara, yenye mchanga katikati, na viti pande zote kwa ajili ya wanaomhurumia.