Mashine Isiyokosea na Sampuli Mia za Mkurugenzi

Umma ufahamu kwamba maabara yetu ilikuwa ya kwanza, kati ya maabara zote zilizo upande ule wa barabara, kuondokana na aibu ya kuandika kwa mkono. Nasema haya kama shahidi. Nilikuwa Katibu wa Kamati ya Muda ya Kudumu ya Lebo, cheo nilichokishika mpaka nikastaafu. Muhuri wake ninao nyumbani hadi leo. Mke wangu anagongea makopo ya chumvi.

Kabla ya mashine alikuwapo Bi Kalamu. Jina hilo tulimbandika sisi, naye hakulikataa. Alikaa nyuma ya dirisha dogo la mapokezi, na mgonjwa akifika, yeye hasomi fomu. Anasema, "Nitajie jina lako mwenyewe." Mgonjwa anataja, yeye anaandika kwenye kichupa huku mgonjwa akitazama, kisha anakiinua: "Ni wewe?" Mgonjwa anajibu, "Ni mimi." Ndipo anamruhusu aende kutolewa damu.

Kamati ilimpima kwa saa ya mkononi. Sekunde kumi na moja kwa kila mtu, kwa miaka ishirini na sita. Mkurugenzi alisema hasara hiyo ni sawa na nchi nzima kupiga miayo kwa pamoja. Katika muda wote huo Bi Kalamu hakuwahi kuchanganya damu ya mtu na ya mwenziwe, jambo ambalo Kamati iliona liko nje ya hadidu za rejea.

Mkurugenzi alikuwa amebakiza wiki tatu astaafu, na hakuwa na mpango huo hata kidogo. Makao makuu yalikubali kumwongezea miaka miwili kwa masharti mawili: mashine ya kuchapa lebo na majibu ifanye kazi, na alete cheti cha afya. Yeye akayafunga fungu moja. Cheti cha kwanza cha mashine kingekuwa chake, na siku kitakapotoka, Bi Kalamu angehamia stoo kulinda maboksi matupu.

Stoo ile haina dirisha, vumbi lake unaweza kulikunja kama shuka, na Bi Kalamu ana pumu. Aliniomba nimweleze Mkurugenzi hivyo. Nilimweleza. Mkurugenzi akaagiza barua ya uhamisho iongezewe maneno "kwa kuzingatia afya yake". Niliichapa vizuri, ikabaki sahihi ya Mkurugenzi tu.

Kisha tukabandika Waraka ukutani: Kilichochapwa na mashine ndicho kweli, asiyeridhika aiandikie mashine barua. Kalamu zote zikafungiwa kabatini, ufunguo ukaingia mfukoni kwa Mkurugenzi. Tangu hapo hatukupokea barua hata moja ya malalamiko, tukaliripoti hilo kama mafanikio.

Mashine ikaja na fundi wake, mtu wa maneno machache. Siku ya kwanza ilichapa lebo mia mbili nyeupe, tupu. Kamati ilizikagua moja moja na haikuona kosa lolote. Siku ya pili lebo zilichapwa sawasawa ila zilibanduka kwenye jokofu, tukaliandikia jokofu onyo. Siku ya tatu fundi alibadilisha gundi bila kuitisha kikao, mashine ikatengemaa, naye akapewa karipio.

Ikabaki jaribio kubwa la sampuli mia moja kasoro moja. Ya mia ingekuwa ya Mkurugenzi mwenyewe, siku ya uzinduzi. Fundi akasema sampuli za majaribio tuzipe jina lolote la uongo.

Hapo ndipo kikao kilipopamba moto. Kubuni mtu asiyekuwapo ni kughushi. Kutumia jina la mgonjwa ni kumwonea. Kutumia jina la mhudumu ni kumpandisha cheo kinyemela. Mimi ndiye niliyependekeza, na nishani bado naidai, kwamba kwa heshima zote sampuli ziitwe kwa jina la Mkurugenzi. Alikataa mara moja, kwa adabu, kisha akakubali kabla hatujamwelewa.

Tukakusanya damu zilizobaki za watu mbalimbali, mkojo wa mke wa dereva wetu aliyekuwa mjamzito, na choo cha mtoto wa miezi sita. Kichupa kimoja kilipopungua tukajaza chai ya kikao iliyopoa. Mashine ikabandika zote, ikazisoma zote, haikukwama. Mkurugenzi alipiga makofi kila jina lake lilipotoka.

Fundi akainama kwenye kompyuta. "Bosi, kabla hatujaanza kazi rasmi, nafuta hizi za majaribio."

"Unafuta nini?"

"Majina."

"Ya nani?"

Fundi akatazama kioo, akatutazama sisi, hakuna aliyemsaidia. "Lako, mzee."

"Ngoja nikuelewe. Unataka kumfuta Mkurugenzi ndani ya mashine ya Mkurugenzi?"

Kutoka dirishani Bi Kalamu akasema taratibu, "Mwache afute, mzee. Humo ndani mmejaa."

"Mama, wewe subiri maboksi yako."

Hazikufutwa. Nilichapa kwenye kumbukumbu kwamba Mkurugenzi amehifadhiwa kwa kauli moja.

Siku ya uzinduzi walikuja wageni, wakakaa kwenye viti vya plastiki vilivyofunikwa vitambaa. Mkurugenzi akatolewa damu, akatoa na mkojo kwa faragha. Bi Kalamu aliomba amuulize jina, mara moja tu, kwa mazoea. Akajibiwa kuwa enzi za kuulizana majina zimepita. Mashine ikabandika kwa sekunde mbili. Kesho yake asubuhi ikakusanya kila kilichokuwa chini ya jina lile, ikachapa cheti kimoja, na kukipeleka makao makuu yenyewe, bila kupitia mkono wa binadamu, kama tulivyojigamba.

Cheti kilisema Mkurugenzi ana makundi yote manne ya damu. Ana minyoo ya kitoto. Katika mkojo wake kuna majani ya chai. Na ana mimba.

Makao makuu hawakuona tatizo, maana Waraka wetu tulishawatumia nakala. Walijibu mchana huohuo. Walimpongeza, wakampa likizo ya uzazi ya miezi minne kuanzia saa ileile, na kusema ombi la kuongezewa miaka litaangaliwa akijifungua salama. Uongozi ukaimiwe na mtumishi mwenye miaka mingi zaidi kazini.

Mkurugenzi alisoma barua akiwa amesimama, kisha akaisoma amekaa. "Katibu, mimi nina mimba?"

"Kwa mujibu wa Waraka wako, mzee, ndiyo. Hongera."

Akatoa ufunguo ili achukue kalamu, afute Waraka. Ilinibidi nimkumbushe kwamba aliye likizo hafungui kabati la ofisi. Akanipa ufunguo. Nami nikaupeleka kwa kaimu, aliyekuwa dirishani kwake, kwenye kiti kilekile cha miaka ishirini na sita.

Bi Kalamu alifungua kabati, akachagua kalamu moja, akaijaribu kiganjani. Juu ya meza ilikuwapo barua ya uhamisho wake ikisubiri sahihi ya kiongozi, yaani sasa yake mwenyewe. Aliisoma mpaka mwisho, akarekebisha jina lake ambalo mimi nilikuwa nimelikosea, akanirudishia bila sahihi. Halafu akamwita fundi, akamwambia afute zile za majaribio.

Mkurugenzi alirudi wiki ya pili, akiwa amebakiza siku chache tu astaafu. Miaka miwili ilishaota mbawa, hilo alilijua. Alichotaka sasa ni cheti kipya, walau astaafu akiwa si mjamzito, kwa sababu mkewe nyumbani alikuwa ameacha kucheka na kuanza kuuliza maswali. Akapanga foleni, nyuma ya mama mwenye mtoto na mzee mwenye mkongojo. Hakuna aliyempisha.

Alipofika dirishani akasukuma fomu. Bi Kalamu hakuitazama.

"Nitajie jina lako mwenyewe, baba."

Akalitaja kwa sauti ya chini, kama mtu asiyelizoea mdomoni. Miaka yote tulikuwa tunamtajia sisi. Bi Kalamu akaandika, akakiinua kichupa kwenye mwanga.

"Ni wewe?"

Akakitazama sana. "Ni mimi."

"Huna mwenzio humu?"

"Niko peke yangu, mama."

Mimi nilikuwa nyuma nimeshika saa, kwa ajili ya kumbukumbu za Kamati. Sekunde kumi na tisa. Nane za ziada nimeandika ni zake Mkurugenzi.