Baiskeli ya Nassibu Yatekwa Njia ya Kipalapala

Jumamosi, 12 Juni 1954. Tabora.

Nimetukanwa! Mimi, mtu wa Unguja, niliyeacha nchi ya Sultani kwa hiari yangu nikaja kukaa huku bara kwa mpwa wangu Tatu! Shomari, fundi cherehani asiyejua hata kukata kola, amesema barazani kwamba sijui kupanda baiskeli. Mbele za watu! Nikamweleza kwa upole kwamba ujanani nilishindana na motokaa kutoka Bububu hadi mjini, na dereva alikufa kwa aibu. Shomari akauliza alizikwa wapi. Watu wakacheka. Watu wa Tabora hucheka kitu chochote.

Sasa shauri. Nassibu, mume wa Tatu, fundi wa reli, yuko Kigoma. Atarudi na treni ya Jumatatu. Baiskeli yake mpya iko chumbani, imefunikwa shuka kama bibi harusi. Kesho naichukua kwa matembezi ya siku nzima, polepole, kiungwana, hadi Kipalapala kwa njia ya zamani ya misafara. Shomari anione nikitoka, anione nikirudi.

Tatu amepiga kelele. Amesema Nassibu aliapa: baiskeli ikipata mkwaruzo mmoja, mjomba atatafuta pengine pa kulala. Mkwaruzo gani?

Jumapili, 13 Juni. Kwa Kashindye, karibu na Kipalapala.

Asubuhi nilipita mbele ya Shomari nikipiga kengele mfululizo. Hakuinua kichwa. Kijicho! Nje ya mji mchanga ni mwingi kuliko pwani. Nimeshuka kusukuma mara saba, lakini hiyo ni kuipumzisha baiskeli. Mnyororo umekula kanzu hadi gotini. Chui wawili wamenipisha njia. Wakristo waliokuwa wakitoka misa wakanisalimu vizuri, nikajiona kama liwali.

Nikapiga hodi kuomba maji kwa mzee Kashindye, mfuga nyuki, mizinga imejaa mitini kote. Mkewe Veneranda akanipa kata ya maji na kigoda. Wakauliza mimi mtu wa wapi. Ukiulizwa hivyo ugenini lazima useme neno la kukupa heshima. Nikasema babu yangu, Mzaramo wa Kisarawe kabla hajahamia Unguja, alipita mlangoni hapa hapa akiongoza msafara, na nyuma yake Wanyamwezi mia sita, wamebeba pembe, wanatetemeka.

Kashindye akaruka kama aliyeumwa na nyuki wake mwenyewe. "Mzaramo! Mtani wangu, umejileta mwenyewe!" Sijameza maji, baiskeli imeingia ndani, imefungwa kamba nguzoni, na kofia yangu iko kichwani kwa Veneranda.

Nikasema huo ni wizi. Wakacheka. Nikasema nakwenda kwa Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya. Wakacheka hadi machozi, wakaita majirani waje kumtazama Mzaramo mwenye hasira. Jirani mmoja mwenye ndevu akanifundisha kama mtoto: Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani akichukua chako hakuna kesi. Unaikomboa kwa sharti lake, na ukinuna umeaibisha ukoo mzima.

Sharti! Kashindye akafikiri kwa raha zake, mjanja huyu. Akasema babu zake walibeba mizigo ya babu yangu bila kupokewa. Kesho ana debe la asali la kupeleka sokoni Tabora. Nitalibeba mimi. Yeye atapanda baiskeli.

Nimekataa katakata! Kisha nikaikumbuka treni. Nimekubali.

Wamenilisha ugali kwa kuku, mtamu mno. Nimekula kwa hasira.

Jumatatu, 14 Juni. Tabora.

Tumeondoka alfajiri. Maili nane! Debe kichwani, asali inavuja shingoni, nzi wote wa jimbo wamealikwa. Nyuma yangu Kashindye, juu ya baiskeli, kofia yangu sasa kichwani kwake, anapiga kengele kila nikipunguza mwendo. "Songa, mpagazi! Pwani bado mbali!" Kila tuliyekutana naye akauliza, na kila aliyeuliza akaelezwa. Wanawake waliteremsha mizigo yao ili wacheke vizuri.

Kwa Shomari cherehani ilinyamaza. Mwenyewe alisimama wima, kama mtu anayepisha jeneza. Hilo limeniuma kuliko tusi.

Tunakata kona ya stesheni, treni hiyo! Nassibu amesimama na sanduku lake. Akaitazama baiskeli yake ikipita na mtu asiyemjua. Akanitazama mimi. Nikauona mkeka wangu tayari uko barabarani.

Kashindye akasimama, akaeleza yote. Nassibu akauliza jambo moja tu: mjomba alitekwa na mtani? Mtani, naam. Basi, akasema, na yeye ni Mnyamwezi, utani hauna kesi. Akacheka mpaka akakalia sanduku. Akahesabu mikwaruzo minne, akafuta machozi, akacheka tena. Kashindye akanirudishia kofia, akanikumbatia mbele za watu. Nimesamehewa! Nyumbani, Tatu peke yake hakucheka.

Nimelala kitandani nafikiri. Hakuna kesi. Hakuna kesi kabisa!

Jumatano, 16 Juni. Kituo cha polisi.

Nimeonewa! Shauri langu lilikuwa safi. Mzaramo akichukua cha mtani wake hakuna kesi. Tabora ni Unyamwezi. Basi kila kilichomo Tabora naweza kukichukua. Leo asubuhi nikakuta nje ya duka la vitambaa baiskeli nzuri kushinda ya Nassibu, yenye taa. Nikaipanda, nikapaza sauti: "Mtani wangu, njoo uikomboe!" Nikaendesha kwa ustadi mkubwa hatua thelathini, mpaka ndani ya sufuria za muuza sufuria.

Kumbe mwenyewe ni karani mmoja, Tobias, mwenye miwani na tai, aliyekuja kutoka Nyasalandi mwezi uliopita. Anasema hajapata kumwona Mzaramo maishani mwake. Nikamweleza yote: msafara, babu, Wanyamwezi elfu mbili. Nikampa na sharti, jepesi tu: anipikie wali kwa nyama Ijumaa. Hapo ndipo alipomwita askari.

Sasa tumekaa benchi moja, askari amekwenda kutafuta wino. Karani amekunja uso. Nimecheka kwa sauti mara tatu ili kumwonyesha jinsi inavyofanywa. Bado hajaelewa. Nitacheka tena.